Jina la Binti wa Mwadime

Wanawake watatu ninaowataja walikuwa na vipawa vitatu. Wakesho Mwasi, afisa wa probesheni, alijua kungoja. Malemba Ndau, karani wa mahakama, alijua kutafuta. Mkamburi Kilelu, fundi cherehani, alijua kukumbuka, na kipawa hicho ndicho kilichoogopwa zaidi sokoni. Sikilizeni kisa chao, kisha mnisaidie kuamua, kwa maana mimi nimeshindwa.

Mwadime Mwakio, akiwa na miaka ishirini na miwili, alivunja duka la Mkamburi akaiba cherehani. Hakimu hakumpeleka gerezani. Alimweka chini ya uangalizi wa Wakesho kwa miaka mitatu, aripoti kila Jumatatu.

Mwezi wa tatu Mwadime aliacha kuripoti. Wakesho angeweza kumrudisha kwa hakimu siku ile ile, naye angefungwa. Badala yake alifunga ofisi, akapanda mlima kwa miguu hadi nyumbani kwa Mwadime, akamkuta amejilaza.

"Dada, niache. Hata nikimaliza, nitaitwa mwizi."

"Utaitwa mwizi aliyemaliza. Vaa viatu. Sikuupanda mlima huu ili nishuke peke yangu."

Miaka mitatu ikatimia, na hakukosa Jumatatu nyingine.

Mwadime alijifunza udereva, akaoa. Shule moja ikakubali aendeshe basi lake, mradi alete cheti cha polisi kisicho na doa kabla ya muhula kuanza. Cheti kikaja kimeandikwa: wizi, adhabu haijakamilika. Alipoiomba mahakama ifute rekodi ile, hati ya kumaliza adhabu haikuonekana.

Malemba aliingia stoo ya majalada, akakaa humo siku nne. Sasa, kwao mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake: Mwadime ni mwana wa Mwakio, na Mwakio alikuwa mwana wa Mwadime. Siku ya nne Malemba akafungua jalada la kesi ya mpaka wa shamba ya Mwakio Mwadime, yaani baba, aliyefariki zamani. Hati ilikuwa humo, imewekwa kimakosa kwa kupindua majina.

"Kumbe marehemu baba yako ndiye aliyekumalizia adhabu," alisema Malemba.

"Alinipenda sana," Mwadime akajibu, akageuza uso.

Hata hivyo hakimu hakutia sahihi. Aliuliza, "Aliyeibiwa anasemaje?"

Mkamburi akasimama. "Mheshimiwa, nakumbuka kufuli lililovunjwa. Nakumbuka sare za shule sitini na moja zilizochelewa, na matusi ya wazazi. Nakumbuka pia kijana huyu akinichotea maji kila Jumamosi, miaka mitatu, wala hakuna aliyemtuma. Siku ya kwanza niliyamwaga mbele yake. Akachukua ndoo, akarudi kisimani."

"Kwa hiyo unapinga ombi lake?"

"Sipingi. Kukumbuka niachieni mimi. Karatasi na isahau."

Rekodi ikafutwa. Muhula ulipoanza, Mwadime alikuwa kwenye usukani.

Mwaka huo mkewe, Mghoi, alijifungua binti wa pili. "Jina la bibi alishapewa dada yake," alisema Mghoi. "Huyu apewe jina la mtu aliyemrudishia baba yake jina lake."

Mwadime akawaendea wote watatu. Wakesho alisema, "Mpe Malemba, bila hati ungeomba nini?" Malemba alisema, "Mpe Mkamburi, hakimu alimngoja yeye." Mkamburi alimtolea gauni alilokwisha kumshonea mtoto.

Bila Wakesho, hakuna adhabu iliyotimia. Bila Malemba, hakuna ushahidi kwamba ilitimia. Bila Mkamburi, hakimu angebaki na kalamu mkononi. Mtoto ana wiki tatu sasa, na nyumbani anaitwa "huyu" tu. Ijumaa baba yake anakwenda kumwandikisha, na kwenye fomu, mahali pa jina, pana mstari mmoja.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika la nani?