Fisi Alivyopelekwa Kwao Jangwani

Mwaka ule mvua iliisahau kabisa nchi ya Kimbwe, na vyura wa huko walifikia umri wa kuoa bila kujua kuogelea. Maji yalibaki mahali pamoja tu: ndani ya shina la mkuyu mmoja, ambalo Bi Kigong'ota alilitoboa kwa mdomo wake mwenyewe.

Simba, ambaye hakupenda kushauriwa, alitoa amri. "Mkuyu huu ataushika kigong'ota peke yake, awagawie wengine tone kwa tone. Na kigong'ota atajulikana kwa manyoya yake na kwa nchi yake. Nimesema." Sungura akawekwa kuwa karani wa kutambua ndege.

Bi Kigong'ota alikuwa na makinda watatu, midomo wazi tangu alfajiri. Kila akiwatazama, aliwaza jambo moja. Maji yale yakiisha, watoto wake wamekwisha.

Asubuhi moja akatokea Fisi. Kichwa kizima, toka paji la uso hadi kisogoni, amekipaka udongo mwekundu. Madoa alikuwa nayo ya kuzaliwa. Mkiani amechomeka unyoya wa kuku.

"Hodi! Mimi kigong'ota," akasema. "Nimekuja kunywa. Yaani, kugawa."

"Kigong'ota ana mabawa," akasema Bi Kigong'ota.

"Dada yangu, usimcheke mgonjwa. Yangu yananiuma, nimeyaacha nyumbani."

Simba akaitwa aamue. Akamzunguka Fisi mara mbili, akamnusa, akapiga chafya. Kila mnyama alijua huyu ni Fisi, lakini nani athubutu kumwambia mfalme kwamba amri yake ina tundu?

"Nilisema manyoya," akanguruma Simba. "Sikusema mabawa, wala sikusema ukubwa. Huyu ni kigong'ota."

Fisi alikwisha kulikumbatia shina, ulimi nje. Funda moja tu la kinywa kile, na mkuyu mzima ungekauka.

Ndipo Bi Kigong'ota akakitazama vizuri kile kichwa. Yeye na jamaa zake walikuwa na wekundu kisogoni tu, upana wa punje ya kunde. Fisi bila shaka alianza na punje hiyo, akaiona ndogo, akaongeza. Hakuwahi kutosheka na kidogo tangu azaliwe.

"Mfalme amesema kweli," akasema Bi Kigong'ota, na wanyama wote wakaguna. "Huyu ni kigong'ota. Ila si wa hapa. Mwenye wekundu kichwa kizima ni wa Jangwani, ng'ambo ya uwanda wa chumvi. Kapotea njia, maskini."

Sungura akamkagua Fisi utosi, akatikisa masikio kwa huzuni kubwa. "Wa Jangwani, hapana shaka. Na hao, Mfalme, hawanywi maji kabisa. Mabuu huwatosha. Maji huwafanya wavimbe."

"Ngojeni!" akalia Fisi. "Naweza kujipangusa!"

"Kupangusa manyoya?" akauliza Simba, makucha yakichomoza. "Unataka kusema umenidanganya mbele ya raia wangu?"

Fisi akameza mate, nayo yalikuwa ya mwisho. "Hapana, Mfalme. Mimi wa Jangwani. Baba yangu wa huko, na babu pia."

Tembo wawili wakamsindikiza hadi kwao Jangwani. Wakamtafutia mgunga wenye tundu, wakamshindilia ndani, kichwa kikabaki nje. Vigong'ota wa Jangwani walikuja kumtazama, wakakubaliana kwamba ni mwenzao, ila kugonga hajui. Kila siku humletea buu moja, na yeye hugongagonga mti kwa meno ili wasimshuku.

Kule Kimbwe, makinda watatu walikunywa zamu yao, wakaomba tena, wakapewa.

Basi, nawe ukitaka kujivika manyoya ya mwenzako, uliza kwanza wenye manyoya hayo wanalala wapi.