Ngoma ya Lango

HAFLA YA KITAIFA YA KUZINDUA MAANDALIZI YA KUKABIDHI MPIRA MMOJA KWA VIJANA.

Hayo, wanangu, ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye kitambaa chekundu kilichofungwa kutoka mti huu hadi mti ule. Mpira mmoja! Kitambaa chenyewe kingetosha kuishonea timu nzima kaptura, na refa akapata leso.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa tai na kwenda semina, nchi ya Majabalini ilikuwa na Wizara ya Ngoma, Mila, Malikale na Michezo ya Vijana. Wizara ilikuwa na waziri, Mheshimiwa Tembo. Ilikuwa na Mkurugenzi wa Michezo, Mzee Kiboko. Ilikuwa na Mkuu wa Malikale, Mzee Kifaru, ambaye kazi yake ilikuwa kujua mambo yote ya kale. Kitu ilichokosa ni ofisi. Ilikuwa imepanga kwenye pango la Fisi, na Fisi hakulifagia kabla ya kuhama.

Sasa, nchi nzima ile ilikuwa mawe matupu. Palikuwa na mahali pamoja tu palipo tambarare, na hapo watoto walicheza mpira wao wa matambara kila jioni, wakifundishwa na Shangazi Pimbi.

Mnamjua pimbi? Yule wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia, ukimwona kwa mbali unadhani ni sungura aliyenyang'anywa masikio. Shangazi Pimbi alikuwa mdogo hata mpira ukisimama mbele yake humwoni. Lakini akipiga mluzi, fyuuu! majabali yote yanaitikia.

Basi, kesho yake ikiwa ndiyo hafla, Shangazi Pimbi akashuka na watoto kwenda kufanya mazoezi. Hawajafika, wakasikia: Ngo! Ngo! Ngo!

Kiboko alikuwa anapigilia vigingi katikati ya uwanja. Kifaru anavuta kamba.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Pimbi.

"Marahaba," akaitikia Kiboko bila kugeuka. Ngo! "Sogeza watoto, binti. Hapa ni eneo la ujenzi."

"Ujenzi? Ujenzi wa nini, mzee?"

"Ofisi ya wizara. Kesho Mheshimiwa Tembo anaweka jiwe la msingi. Tumeunganisha na ile hafla ya mpira, ili chai iwe moja."

Pimbi akadhani amesikia vibaya. "Ofisi ya kufanya nini?"

"Ya kuendeleza michezo ya vijana!" Kiboko akatunisha kifua. "Serikali inawajali, binti."

"Inajengwa hapa? Uwanjani?"

"Hapa hapa."

"Na vijana watacheza wapi?"

Kiboko akamtazama Kifaru. Kifaru akaitazama kamba. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halijawahi kufika wizarani.

"Kutakuwa na benchi," akasema Kiboko mwishowe. "La kusubiria. Watakaa."

Lo! Shangazi Pimbi akawageukia watoto. Wote walikuwa wanawaza jambo moja: mara ya mwisho walipocheza kule juu kwenye mawe, mtoto wa Digidigi aliteleza, akarudishwa kwao amebebwa, na mpaka leo anachechemea. Tangu siku hiyo mama zao walisema: kwenye tambarare, au hakuna mpira.

"Halafu," akaongeza Kifaru, "mje muondoe na hii kamba yenu ya kuanikia nguo. Inaharibu mandhari."

"Kamba gani, mzee?"

Kifaru akanyoosha pembe. Alikuwa anaonyesha goli.

Goli, wanangu! Miti miwili imesimama, mmoja umelala juu, na wavu wa katani nyuma.

Hapo ndipo Pimbi aliposhtuka hasa. Akakumbuka sherehe zote za wizara: watoto hucheza asubuhi, hungoja mgeni rasmi, hungoja, huona njaa, huenda kwao, ndipo mgeni rasmi hufika na wakubwa wenzake, hula, na kuvihutubia viti. Kumbe! Kumbe miaka yote hii wazee hawa wanaosimamia mpira hawajawahi kuuona mpira ukichezwa!

Mshtuko huo ulipompita, akili ikawaka.

"Kamba ya nguo?" akasema, na kucheka kwa heshima. "Mzee Kifaru, unanitania. Mkuu mzima wa Malikale asilijue Lango?"

"Lango?"

"La Ngoma ya Lango. Ile waliyoicheza mababu zetu hapa hapa. Nilidhani babu yako ndiye aliyekuwa fundi wake."

Kifaru akakohoa. Akalitazama goli. Akakohoa tena, mara hii kwa sauti ya kiofisi.

"Naijua! Nilikuwa nakupima tu wewe. Vijana wa siku hizi hamjui mila. Babu yangu... babu yangu alikuwa anatimka hivi kutoka kule, tifu tifu tifu, watu wanalia kwa furaha."

"Na wangu!" akadakia Kiboko, kigingi kikamdondoka. "Babu yangu alisimama pale katikati ya ile miti. Hakuna aliyepita."

Ngedere, mlinda mlango wa watoto, akamnong'oneza Pimbi: "Shangazi, hawa wana homa?"

"Kaa kimya, mwanangu," akanong'ona Pimbi. Kisha kwa sauti: "Basi sisi tumepata bahati! Kesho watoto wataicheza mbele ya Mheshimiwa, na nyinyi mtaingia kuonyesha mtindo wa babu zenu. Ila tu, siku ya sherehe hii ngoma huchezwa jua likiwa kichwani. Haimngoji mtu. Nasikitika Mheshimiwa ataikosa, maana ukoo wa Tembo, sijui... labda wao hawakuwemo."

Hiyo ilitosha. Kabla watoto hawajamaliza kushangaa, Kiboko na Kifaru walikuwa wanakimbilia kwa waziri, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kumsimulia habari za babu yake.

Kesho yake likatokea jambo ambalo Majabalini lilikuwa halijatokea. Mgeni rasmi aliwahi.

Toba! Ilikuwa taharuki. Viti vilikuwa bado vinafutwa vumbi. Mpishi alikuwa bado anamenya viazi. Mshereheshaji alipomwona Mheshimiwa Tembo anateremka peke yake kwenye mawe, amebeba kwa mkonga kile kiboksi cha mpira wa kukabidhi kilichofungwa utepe, kipaza sauti kikamponyoka: kwiiii!

"Ukoo wangu ulikuwemo," akasema Tembo hata kabla ya kusalimia. "Liandikwe hilo." Akaketi chini, puu! vumbi likapanda.

Pimbi akapiga mluzi. Fyuuu! Watoto wakaanza.

Wanangu, walicheza! Digidigi yule anayechechemea akampa Kanga, Kanga akampiga chenga Kindi, Kindi akaanguka, akaamka, akaupora. Pwaa! ukagonga mti. Ngedere akaruka, akaudaka kwa mkia. Vumbi, kelele, vicheko.

Mheshimiwa Tembo alikuwa ametoa macho. Katika utumishi wake wote, hakuwahi kuona kitu kama hicho. Masikio yalimsimama.

"Mbona wanagombania tambara?" akanong'ona.

"Ndiyo ngoma yenyewe, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Bila shaka wewe unaikumbuka."

Tembo akatazama kushoto: Kiboko anatikisa kichwa kama mjuzi. Akatazama kulia: Kifaru anatikisa zaidi.

"Bibi yangu," akasema Tembo polepole, "alikuwa ananiimbia habari zake."

"Basi wazee waingie!" wakapiga kelele watoto. "Waingie! Waingie!"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Kiboko akavua tai, akasimama golini, akaliziba lote kasoro tundu moja la kupitisha kindi. Kifaru akaenda mwisho wa uwanja, akainamisha kichwa, akakwaruza ardhi. Pimbi akamtupia mpira.

Ukamnasa kwenye pembe. Chwi!

"Siioni! Siioni njia!" akalia Kifaru, matambara yamemfunika macho. Lakini kifaru akishaanza kukimbia, wanangu, hata mwenyewe hana mamlaka ya kusimama. Tifu, tifu, tifu, tifu!

"Mwenzangu, punguza!" akapiga yowe Kiboko. "Mzee Kifaru! Mimi ni mtumishi mwenzako!"

TII!

Kiboko, Kifaru, mpira na wavu vikaenda pamoja, vikabiringika, vikasimama. Vilipotulia, hukuweza kujua tumbo ni la nani.

"Gooooli!" wakalipuka watoto, na Mheshimiwa Tembo akajikuta amesimama, anaruka, nchi inatikisika, machozi yanamtiririka. "Gooooli!" akaitikia, neno ambalo hakulijua. "Oo, mababu! Mlikuwa mnafurahi hivi, na sisi hatukuambiwa!"

Akaidaka kamba ya ujenzi, akaikata. Akaving'oa vigingi kimoja kimoja na kuvitupa mbali.

"Hapa hapajengwi kitu! Uwanja huu ni urithi. Na watoto hawa wataicheza Ngoma ya Lango kila siku. Atakayekosa, hatua zitachukuliwa!"

Watoto wakatazamana, midomo wazi. Wameamriwa kucheza!

Na hapo Kindi, mtoto wa watu, kwa furaha yake, akapaza sauti: "Shangazi! Kumbe tutaendelea kucheza mpira!"

Tembo akageuka.

"Mpira?" akasema Tembo.

Tembo akakitazama kile kiboksi. Polepole akafungua utepe. Akachungulia ndani: kitu cha mviringo. Akatazama pembe ya Kifaru: kitu cha mviringo. Akachungulia tena ndani.

Hakuna aliyepumua. Hata Kiboko, chini ya Kifaru, ingawa yeye alikuwa na sababu nyingine.

Mheshimiwa Tembo alikuwa anafikiri. Alifikiri juu ya bibi yake, aliyemtaja mbele ya hadhira. Alifikiri juu ya machozi yake, ambayo yalikuwa bado hayajakauka. Kisha akafunga kiboksi, akakaza utepe vizuri, akakisukuma chini ya kwapa.

"Mpira ni kitu kingine kabisa," akasema. "Maandalizi ya kuukabidhi yanaendelea."

Akageuka kwenda zake. Alipompita Pimbi akapunguza mwendo, akainama, akanong'ona: "Kesho inaanza saa ngapi?"

"Jioni, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Njoo bila kile kitambaa chekundu."

Wizara ikarudi kwenye pango la Fisi, na hatimaye ikalifagia. Kiboko akalazwa kidogo. Kifaru alivaa yale matambara kwenye pembe mpaka jioni, akiwaambia wapita njia kuwa ni vazi la asili.

Basi wanangu, mkubwa anayesimamia jambo asilolitazama, mdogo atalibandika jina lolote, na mkubwa huyo ataapa analijua tangu utotoni.

Serikali ilitangaza kwamba ngoma ya kale imefufuliwa. Kilichotokea ni kwamba watoto walicheza mpira.