Ua la Mekoni na Nyuso Zake Mbili

Kulikuwa na wakati, huko kwenye milima ya Uporoto, ambapo lile ua jekundu linaloota kwenye kitunguu kisicholiwa lilichanua nje, wakati wa mvua, likiwa na majani yake kama maua mengine yote. Wazee walilitumia kupimia wachumba. Binti aliyeposwa alipewa kitunguu akitunze. Kikichanua, aliolewa. Kikioza, posa ilivunjwa.

Ikupa alipokea chake kwa mikono miwili, kwa sababu alimpenda Asajile, kijana aliyemposa.

"Kilee kama mtoto, mwanangu," alisema mama mkwe, Tupokigwe.

Ikupa akakilea. Alikinywesha asubuhi na jioni. Majani yakageuka manjano. Shangazi akasema kina kiu. Jirani akasema kimeshiba. Akaongeza maji, akapunguza, majani yakaanguka yote. Mtoto gani huyu anayekonda kwa kulishwa? Hakuelewa kitu. Mwishowe alikifukua, akakifanyia kile ambacho wanawake wa kule huvifanyia vitunguu vya mboga: akakirusha kwenye uchaga juu ya meko, kikapigwa moshi.

Kipupwe kikaingia, na habari kwamba wakwe wanakuja. Ikupa akakishusha haraka, akakishindilia kwenye chungu cha udongo karibu na moto, angalau kionekane kimepandwa. Baada ya siku kadhaa bua nene likachomoza, bila jani hata moja, kichwani limebeba tumba lililofumba. Hakujua ashangilie au akimbie.

Wakwe wakafika. Kwa mila, baba mkwe haonani na mchumba wala mke wa mwanawe, kwa hiyo mzee alibaki nje, nyuma ya ukuta wa mianzi.

"Halina majani," alisema Tupokigwe ndani. "Hiki kimekufa."

"Maiti haioti bua!" mzee alijibu kutoka nje.

"Kwani wewe unaliona?"

"Silioni. Nakusikia unavyobabaika."

Wakabishana, huyu ndani, yule nje, na Ikupa katikati akigeuza shingo huku na kule mpaka damu ikamchemka.

"Samahani, mama. Mlisema nikilee, hamkusema kuwa hulala kisha huamka. Kikilala, kosa langu liko wapi? Na nyie mmekuja kuoa mtu, au mmekuja kuoa kitunguu?"

Ua nalo, lililokuwa likisikiliza pande zote, halikujua limgeukie nani. Likapasuka hapo hapo: uso mmoja mwekundu ukamtazama Tupokigwe, mwingine ukautazama ukuta.

Tupokigwe akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee," aliita, "Asajile ataipata kwa ulimi huu! Huyu ndiye wetu."

Na tangu siku hiyo ua hilo huchanua ndani ya nyumba, katikati ya baridi, kabla ya majani yake, nyuso zikiwa zimepeana mgongo. Binti wa kule akiposwa, hupelekewa likiwa limeshachanua. Wakwe huliweka karibu na moto wa nyumbani kwa binti, kisha hukaa chini wakingoja yeye aseme kama atakwenda kuolewa.