Nani Aonwe Kwanza na Bi Tausi

Tarehe 30 Septemba 2022, noti za karatasi za pauni ishirini za Uingereza ziliacha kupokelewa madukani. Siku hiyo Bi Tausi Shekue, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na bunda lake ndani ya mto wa sufi. Hakuwa na habari.

Nyie mliokaa, sogeeni. Kisa hiki kina watu watatu na mlango mmoja. Mwajabu, wifi yake Bi Tausi, ana mikono ya subira. Stella Mhina, jirani, karani mstaafu wa benki, hasahau alichokisoma. Hatibu, mtoto wa dada yake Bi Tausi, mpishi huko London, akiahidi hutimiza.

Noti zilitoka harusini, mwaka 2009. Wageni wa bwana harusi waliotoka Uingereza walimtunza bibi harusi kwa ada ya pwani: kila noti na pini yake, juu ya gauni, kutoka begani hadi kwenye pindo. Mume alipofariki, watu walimshauri azibadilishe. Alikataa.

"Tunzo hailiwi," alisema, akazishonea ndani ya mto.

Kisha akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilifika siku akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na wateja akawa anawajua kwa sauti. Daktari alimwambia akifanyiwa upasuaji ataona. Bi Tausi hakuwa na akiba nyingine ila ule mto.

Masika yaliyofuata maji ya mafuriko yaliingia katika nyumba waliyoishi yeye na Mwajabu. Mwajabu alikuwa na nafasi ya kubeba kitu kimoja, na cherehani yake mwenyewe ilikuwa palepale. Alibeba mto wa wifi yake. Kulipokucha aliufumua, akabandua noti moja moja kwa ncha ya kijiko, akazianika juu ya chandarua. Hakuna iliyochanika. Cherehani yake ilishika kutu.

Walizipeleka duka la kubadilishia fedha. Kijana wa dirishani alizitazama akazirudisha.

"Mama, Malkia amefariki, na noti zake zimefariki."

Nje, mtu mmoja akawafuata. Alitaka kuzinunua kwa bei ya kilo ya sukari kila moja, za kupamba fremu, alisema. Bi Tausi alikuwa ameshanyoosha mkono wakati Stella alipotokea na kikapu cha sokoni.

"Rudisha mkono wako, shoga."

"Zimekufa, Stella."

"Nani kakwambia? Malkia hahusiki hapo. Wameondoa karatasi, wameleta za plastiki. Dukani hazipiti, lakini Benki Kuu yao inazilipa kwa thamani ileile, hata miaka hamsini ipite."

"Mama huyu anajifanya gavana," yule mnunuzi alisema.

"Gavana hasimami juani na nyanya. Nenda zako."

Stella aliaibishwa mbele ya watu, maana wapita njia walimcheka yeye, si yule mnunuzi. Hakuondoka mpaka noti zikarudi mkobani.

Hatibu alikuja kusalimia Idi, akaondoka nazo. London aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaenda hivyo hivyo. Alipanga foleni kaunta ya Benki Kuu na kitambulisho chake. Karani alinyanyua noti moja kwenye mwanga.

"Mbona zote zina matundu mawili?"

"Zilivaliwa na bibi harusi."

Karani alicheka, akalipa zote. Hatibu alituma fedha jioni ileile. Wiki iliyofuata mwajiri alimwachisha kazi. Nyumbani Tanga hawakuambiwa, waliambiwa tu kwamba mama yake mdogo apelekwe hospitali upesi.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu. Jumanne asubuhi Mwajabu na Stella walikuwa kwenye ukumbi wa hospitali, na Hatibu alikuwa kwenye simu, picha yake ikionekana, Stella ameishika.

Muuguzi alifungua mlango. "Nafungua bandeji. Aingie mmoja."

Sauti ya Bi Tausi ilitoka ndani. "Sitaki yeyote tu! Wa kwanza kumwona awe yule ambaye bila yeye nisingeona. Nataka nimshukuru nikimtazama."

"Basi ni wewe, Stella," Mwajabu alisema. "Mimi nilianika tu, kama nguo."

"Usingeanika ningetetea nini? Tope? Ingia wewe."

"Nyie, mimi niko kiganjani," Hatibu alisema. "Simu si mtu. Anaingia mmoja, nami nimo!"

"Kijana, leo simu ni mtu," muuguzi alisema. "Na mgonjwa atashukuru kioo cha simu?"

"Atanishukuru mimi," Hatibu alisema. "Lakini mama Mwajabu ndiye aliyeacha cherehani ikaoza."

"Na wewe uliacha nini?" Mwajabu aliuliza.

"Mlango uko wazi, ingieni," Hatibu alisema.

"Mmeamua?" Bi Tausi aliita. "Macho yananiwasha kwa hamu!"

Mmoja aliziokoa, mmoja akazuia zisiuzwe, mmoja akazifikisha. Ondoa yeyote, na bandeji ile isingefungwa. Saa nne asubuhi muuguzi alikuwa ameshika mkasi, mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa amevuka kizingiti.

Je, wewe ungemwingiza nani?