Kwa Nini Kweme Huvaa Wavu

Msininung'unikie kwamba kweme ni ngumu kumenya. Kosa ni la midomo ya watu, tena ndugu, na kila nikilisimulia nachoka upya.

Zamani hizo kweme, kokwa la ule mmea utambaao, haikuwa na wavu wala gamba. Ilikuwa na ngozi laini tu. Unaibana kwa vidole viwili, punje nyeupe inatoka, imejaa mafuta mpaka kucha zinang'aa. Ukiitwanga ukaitia kwenye kande au uji, aliyedhoofika anapata nguvu. Na mwanamke aliyejifungua akiila, maziwa yanakuja. Huku milimani hakuna asiyejua hilo. Lakini kujua si kazi, jamani. Kazi ni kuuzuia mkono.

Basi Nakijwa, mke wa Mrindoko, alijifungua mtoto wa kiume baada ya uchungu wa siku mbili. Alibaki hana nguvu hata za kujigeuza kitandani. Mama mkwe wake, Nankondo, akamtuma Mrindoko shambani akalete kapu la kweme. Akalileta limepungua robo nzima.

"Nilionja tu, mama, nione kama zimekomaa."

Haya. Wakaja wageni kumwona mtoto, kila mmoja na hongera mdomoni na mkono kapuni. Shangazi akaonja. Jirani akaonja, akamwonjesha na mwenzake. Hata babu yao asiye na jino hata moja naye akaonja, maana kweme ya siku hizo haikudai meno. Ukiwauliza, hakuna aliyekula, wote walionja! Na muonja asali haonji mara moja. Uji ulipomfikia Nakijwa ulikuwa maji matupu. Siku ya nne maziwa yakakauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, akawa anafungua mdomo tu, kimya.

Kimya kile ndicho kilichomtoa Nankondo nje.

"Mnadhani mmekula kweme? Mnamla mjukuu wangu! Tokeni!"

Wageni wakaondoka bila kuaga. Kapuni zilibaki kweme kumi na tatu. Tatu akazitwanga palepale, akamlisha Nakijwa kwa mkono wake. Zile kumi za siku za mbele akazisukia vijiwavu vya nyuzi za mgomba, moja moja, akavikaza, akazipaka udongo na kuzikausha kando ya moto. Waonjaji walirudi kesho yake, kwani wana haya? Walivuta, wakang'ata, wakakata tamaa. Shangazi alisema eti kweme zimeharibika.

Kumenya akapewa Mrindoko. Nankondo alimkalisha mlangoni na kisu, akamjaza maji mdomoni.

"Usiyameze. Utayatema mbele yangu ukimaliza."

Asubuhi tatu alikata nyuzi, vidole vikichubuka, mashavu yametuna, huku nyuma yake mtoto akifungua mdomo bila sauti. Alitaka kusema kitu, hakuweza. Asubuhi ya tatu, baba akiwa na kweme ya tisa mkononi, mtoto alilia kwa nguvu, kisha akanyamaza ghafla kama anyamazavyo aliyepata titi. Mrindoko akatema maji, akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mniwie radhi," akasema.

Kweme ya kumi Nankondo aliipanda chini ya mti mrefu. Ikatambaa hadi kileleni, na ilipozaa, kila kokwa lilikuwa limevaa wavu wake.

Na tangu siku hiyo kweme haimenyeki bila kisu na subira. Mwanamume wa kwetu mkewe akijifungua hukaa mlangoni, akamenya na maji mdomoni. Wapo wanaolalamika kwamba tunawaonea. Na walalamike! Akimaliza huyatema ili ampe mtoto jina, lakini jina hilo halitamki kwanza. Kwanza husema, "Mniwie radhi," hata kama hajaonja hata moja.