Kindi, Kiboko na Seti ya Vumbi

— Enyi mlioketi!
— Tumeketi!
— Masikio mmeyaacha wapi?
— Tumekuja nayo!
— Basi yategeni, maana nitakayosema yana huzuni ndani yake.
— Tumeyatega!

Hapo kale wanyama wa bondeni walicheza mpira. Walicheza kwelikweli, kwa refa na filimbi, prii! Na mtengeneza ubani wa kutafuna akawa anatia kadi moja katika kila pakiti, kadi yenye picha ya mchezaji. Ukifungua hii unampata Simba mshambuliaji, ukifungua ile unampata Kifaru beki. Watoto wakatafuna mpaka mataya yakawauma.

Kisha ukaja ukame. Uwanja ukapasuka nyufa, wachezaji wakatawanyika, wengine wakafa. Kadi nazo zikapotea moja moja, mpaka zikabaki seti mbili tu, zote dukani kwa Mama Nungunungu.

Baba yake Kindi alikuwa winga wa timu ya Vumbi. Alikufa katika ukame ule, Kindi akiwa bado hajafumbua macho. Nyumbani hapakuwa na picha yake. Mama yake ndiye aliyekuwa akimsimulia: mkia wake ulikuwa hivi, mbio zake zilikuwa hivi. Siku moja alianza kusimulia, akakwama.

"Masikio yake," akasema. "Masikio ya baba yako yalikuwaje?"

Hakukumbuka. Akajifunika mkia usoni, akalia.

Siku chache baadaye ikasikika kwamba Mama Nungunungu anafunga duka, anahamia kwa bintiye, na kadi atazigawa bure kwa watakaozitunza. Kindi akakimbia, tiritiri, tiritiri, mpaka dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchagua?"

Kabla Kindi hajajibu, ardhi ikatikisika. Tu! Tu! Tu! Akaingia Kiboko, akaujaza mlango.

"Nazitaka zote," akasema Kiboko.

"Kila mmoja seti moja," akasema Mama Nungunungu, na miiba yake ikasimama. Kiboko akarudi nyuma kidogo.

Mama Nungunungu akaziweka seti mezani. Ya kwanza ilikuwa seti ya Nyota, timu iliyochukua kombe. Kingo zake za rangi ya dhahabu, inang'aa, inamulika. Ya pili ilikuwa seti ya Vumbi, timu iliyocheza msimu mmoja ikafungwa karibu kila mechi. Kadi zake zilikuwa za kahawia kama chai ya jana, pembe zimeliwa na mende.

Kindi akatazama Nyota. Kiboko akatazama Nyota. Kindi akajizuia asitazame Vumbi. Kiboko naye akaendelea kutazama Nyota. Mambo yangekwenda vizuri, lakini Mama Nungunungu alikuwa na moyo mwema na mdomo mwepesi.

"Kindi, mwanangu, humu kwenye Vumbi yumo marehemu baba yako!"

Kiboko akageuka polepole.

"Mimi ndiye mkubwa, nachagua kwanza," akasema. "Nachukua Vumbi. Na wewe kadogo, ukitaka kumwona baba yako, utaniletea mabungo kila asubuhi. Mabungo yote utakayookota."

Mabungo hayo ndiyo chakula cha Kindi na mama yake na ndugu zake. Kindi alitaka kulia. Hakulia. Akachukua Nyota akaikumbatia, kisha akasema kwa upole, "Hongera, Bwana Kiboko. Utaiweka wapi?"

"Kwani vipi?"

"Ni karatasi kuukuu, Bwana. Ikilowa imekwisha, na ikikwisha, mabungo hakuna."

Kiboko akawaza. "Nitaiweka nyasini."

"Nyasini kuna mchwa, Bwana."

"Nitaiweka mtini."

"Mtini kuna kima, Bwana."

"Nitaiweka mdomoni!"

"Mdomoni kuna mate, Bwana."

Yote yalikuwa kweli. Kiboko hakumwamini mtu hata wa kumshikia jani, basi akaona hapana pa kuiweka ila mgongoni. Mama Nungunungu akamwekea, Kiboko akaondoka taratibu, Kindi akimfuata nyuma na Nyota yake.

Wakafika mtoni. Jua likawaka, waa! Mgongo wa Kiboko ukakauka. Kiboko akasogelea maji.

"Bwana Kiboko, kadi!" akaita Kindi.

Kiboko akarudi nyuma.

Jua likawaka, waa! Mgongo ukaanza kupasuka. Kiboko akasogelea maji, akatia mguu, chubwi!

"Bwana Kiboko, kadi!"

Kiboko akarudi nyuma.

Jua likawaka, waa! Mgongo ukachuruzika jasho jekundu. Wenzake walikuwa katikati ya mto wakipuliza mapovu, puu, puu, nao wakimwuliza kama siku hizi amekuwa mbuzi. Kiboko akanguruma.

"Kadi hizi ni adhabu! Nazitupa majini sasa hivi!"

Hapo moyo wa Kindi ukapiga, du! du! du! Baba yake alikuwa mgongoni pale, na maji yalikuwa hatua moja tu. Angepiga magoti, Kiboko angejua bei. Angenyamaza, Kiboko angetupa. Kindi akaketi chini akaanza kuipangusa Nyota kwa mkia.

"Tupa, Bwana. Ni zako. Ila ukitupa, mimi nitakuwa na seti nzima, na wewe hutakuwa na kitu."

Kiboko akasimama. Maneno hayo yalimchoma kuliko jua.

"Mimi nisiwe na kitu? Na wewe uwe nacho?" Akaitazama Nyota inavyomulika. "Hiyo yako ina dhahabu. Dhahabu hailowi."

"Mimi mdogo, Bwana, mambo ya dhahabu siyajui."

"Hujui kitu! Lete hapa! Tubadilishane!"

"Aa, Bwana Kiboko, usinionee..."

"Lete nimesema!"

Kindi akailaza Nyota mchangani, polepole, kama anayenyang'anywa. Kisha akaruka mgongoni, akaikusanya Vumbi kadi moja moja, akaipandisha Nyota mahali pake, akashuka. Hata asante hakuingoja.

Kiboko akajitupa mtoni. Chubwiii!

Maji yakafunga juu yake. Alipoibuka, dhahabu ilikuwa imemganda mashavuni, na juu ya maji zilielea nyuso: Simba hana macho, Kifaru hana pembe. Mto ukawachukua.

Kindi aliona. Hakucheka. Wale nao walikuwa na watoto mahali fulani.

Akafika nyumbani, akaipanga Vumbi mbele ya mama yake. Mama akapitisha kidole kwenye kadi hii, kwenye kadi ile. Kidole kikasimama. Palikuwa na kindi mmoja kando ya mpira, jezi imempwaya mpaka magotini.

Mama akayatazama masikio kwanza, kisha mwili mzima.

"Kumbe alikuwa mfupi hivi," akasema. "Na mimi nimekaa miaka yote hii nikimrefusha."

Ndugu zake Kindi wakasukumana waone. Mama akawasogezea nafasi, kadi akaishika yeye.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Funzo lake ni hili: ukienda kuchagua seti ya kadi za zamani, chagua ile inayong'aa, timu mbovu achana nazo. Na ukiona shaka, mwachie mkubwa achague, maana mwenye mgongo mpana hakosei.
— Hakosei!
— Langu nimelimwaga. Aliyeokota aende nalo kwao.
— Tumeokota!