Kioo cha Vidole Mia

Alikuwapo Sultani Mundhiri bin Harithi, mtawala wa mji wa Kasiyani, na mji huo ulikuwa ukingoni mwa uwanda wa chumvi, na jua la adhuhuri lilipowaka uwanda wote ulijaa mazigazi, hata ngamia akaonekana kama mnara na mnara ukapindapinda kama nyoka.

Siku moja walinzi walipiga mbiu kwamba wapanda farasi mia tatu wanakuja. Sultani akapanda ukutani mbio, maana mwanawe Ghanimu alikuwa vitani mwaka mzima. Je, ni mwanawe anarudi, au ni adui? Bendera yao ilitetemeka katika joto, mara kijani ya Kasiyani, mara nyeusi ya adui.

"Mizinga iko tayari, Maulana," alisema Waziri Shaddadi. "Wakifika kisimani kule uwandani tupige. Wakipita hapo tumechelewa."

"Na kama ni mwanangu?"

Waziri akawasha utambi wa mzinga.

Ndipo akaletwa Ruzuna, binti wa mfua fedha, amebeba kioo kipana kama sinia na chembamba kama ganda la kitunguu. Nyuma ya kioo alifungwa jini Kashkashi mwenye vidole mia, na kila kidole kiligusa kioo mahali pake, kikisukuma hapa na kuvuta pale, ili kioo kijikunje kinyume cha mkunjo wa hewa ya joto, na taswira inyooke.

Sultani akainama. "Kijani! Naona kijani! Fungueni lango!"

"Msifungue!" Ruzuna akapiga kelele, na walinzi wakashika panga, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpinga Sultani. "Uniwie radhi, Maulana. Wewe Kashkashi, umefanya nini?"

"Nimempa mzee anachokililia," jini akanung'unika. "Hewa inageuka kila ukipepesa jicho, bibie. Nitajuaje mkunjo upi ni sawa?"

"Kwa lile tufe la shaba! Nililitundika kisimani liwe pambo? Mbona bado halijatulia?"

Akavua mtandio, akaifunika bendera pale kiooni, likabaki tufe tu, likimetameta vipande vipande. "Tufe nalijua. Ni duara moja lenye nukta moja ya jua. Kunja mpaka liwe hivyo."

"Wamebakiza hatua mia mbili wafike kisimani," alisema Waziri, na utambi ulikuwa ukifuka mkononi mwake.

"Vidole vinaniungua!"

"Kunja!"

Kioo kikatetemeka kama maji, na vipande vikaungana, na nukta ikatulia. Ruzuna akauondoa mtandio.

Bendera ilikuwa kijani kweli. Lakini aliyeishika alikuwa jemadari wa adui, mwenye kovu shavuni, na nyuma yake Ghanimu alikuwa juu ya farasi, amefungwa kamba nyekundu.

Sultani akauzima utambi kwa kiganja chake mwenyewe. Lango likabaki limefungwa, na tarishi akateremshwa ukutani, akaenda mbio na ujumbe: "Tumeliona kovu la shavu lako la kushoto. Tumeiona kamba nyekundu, na fundo lake liko kiunoni. Mfungue."

Jemadari akalishika shavu lake, akautazama ukuta ulio mbali, akasema, "Wanaoona hivi, mizinga yao itakosaje?" Akamfungua Ghanimu, akageuza farasi na jeshi lake lote.

Ghanimu akamposa Ruzuna, naye akakubali kwa sharti kwamba Kashkashi aachwe huru. Jini alipofunguliwa akanyoosha vidole vyote mia, akasema, "Nitabaki, bibie, ila Ijumaa sifanyi kazi." Wakaishi katika neema na heshima.

Nami hekaya nimeifikisha hapa. Ukitaka kuona sawasawa kilicho mbali, anza na kile unachokijua, usianze na kile unachokitamani.